Mtandao unasumbua kijijini: anza na dalili, usianze na duka

Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mikutano na mahojiano, kisha kuziandika. Wateja wako Nairobi na Uingereza, mimi niko Mvumi, wilaya ya Chamwino, kilomita kama 40 kutoka Dodoma mjini. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma na bati. Nyuma yake kuna kilima cha mawe, mbele kuna shamba la zabibu la mama mkwe. Mwaka wa kwanza nilinunua rauta mbili, antena moja na laini nne, na bado nikampoteza mteja kwa sababu sauti yangu ilikatika kwenye kila kikao. Vifaa vile havikuwa vibovu. Vilikuwa dawa ya ugonjwa ambao sikuwa nao.

Siku hizi ndugu na majirani wanaofanya kazi kwa mtandao wananipigia na swali lile lile: "Dada, mtandao hauji, ninunue rauta gani?" Nami nawajibu: usinunue kwanza, niambie unaona nini.

Vipimo viwili kabla ya yote

Data yako inapita vipande vinne vya njia: kutoka kompyuta hadi rauta, kutoka rauta hadi mnara, kutoka mnara hadi mkongo (waya mkuu wa nyuzi za kioo unaobeba data ya nchi), na kutoka mkongo hadi seva unayoitafuta, ambayo huenda iko Ulaya. Kila kipande kinaugua kivyake na kina tiba yake.

Kipimo cha kwanza ni ping, yaani kutuma ujumbe mdogo na kupima muda ambao jibu linachukua kurudi. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ping 192.168.8.1 -t (namba ya rauta yako imeandikwa chini yake, wengine ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1). Fungua dirisha la pili uandike ping 8.8.8.8 -t, hiyo ni seva ya Google iliyo nje ya nyumba yako. Acha yote mawili yatembee kwa dakika tano huku ukifanya kazi kama kawaida. Kama dirisha la kwanza limetulia kwenye milisekunde 1 hadi 5 na la pili linaruka hovyo, ugonjwa uko nje ya nyumba. Kama la kwanza nalo linaruka hadi 200 au linakosa majibu, mwache mtu wa mnara apumzike, shida ni waifai yako mwenyewe.

Kipimo cha pili ni namba za mawimbi. Vile vijiti juu ya kioo cha simu visikudanganye, kila mtengenezaji wa simu anavichora kwa hesabu yake. Ingia kwenye rauta kwa namba ile ile ya 192.168, tafuta ukurasa wa taarifa za kifaa, usome vitu viwili. RSRP ni nguvu ya mawimbi: −90 au juu yake, yaani karibu zaidi na sifuri, ni nzuri, −100 inavumilika, kuanzia −110 unahangaika, −120 usitegemee. SINR ni usafi wa mawimbi, yaani sauti ya mnara wako ukilinganisha na kelele: 20 ni safi sana, 10 inatosha kwa kazi, chini ya 5 ni shida, na ikiwa sifuri au hasi hata mawimbi yenye nguvu hayakusaidii. Ziandike kwenye daftari pamoja na saa. Daftari hilo litakufaa zaidi ya rauta mpya.

Ndani mtandao unapotea, nje unarudi

Huu ndio ugonjwa wa nyumba nyingi za kwetu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Bati ni chuma, na mawimbi ya simu hayapiti kwenye chuma. Ongeza nondo za madirisha, geti la chuma, na wengine karatasi ya fedha ya kuzuia joto chini ya bati, na nyumba imekuwa sanduku. Nyumba ya tembe ina shida yake tofauti: haina bati, lakini ukuta na paa ni udongo mnene, na udongo ukilowa masika unameza mawimbi zaidi.

Siku fundi wa madishi alipokuja kwangu, hakugusa chombo chochote. Alitazama rauta yangu, niliyoiweka vizuri juu ya kabati sebuleni, akasema, "Dada, hii umeificha." Aliichukua na betri yake, akatoka nayo, akapanda ngazi hadi kwenye kona ya paa inayotazama upande wa barabara, akaniambia nisome kwenye simu. Sebuleni ilikuwa −117. Pale juu ilikuwa −101. Tofauti ya desibeli 16 si ndogo kama inavyosikika, ni nguvu mara 40 hivi. Rauta ilikuwa ile ile na laini ile ile.

Mahali ndipo tiba inapoanzia. Kabla ya kutoa shilingi, zunguka nyumba na simu yenye laini ya mtandao unaotaka kutumia, simama dakika moja kila upande, soma namba. Kwetu upande wa kilima haukufaa kabisa, na hakuna antena ambayo ingeyapitisha mawimbi kwenye yale mawe. Kama mnara uko nyuma ya kilima chako, badili kampuni au hamisha mlingoti. Ukiongeza nguvu bila kubadili mahali utakuwa unapoteza fedha.

Ukishajua mahali, una njia mbili. Ya kwanza ni antena nje na rauta ndani, zikiunganishwa kwa waya wa antena. Hapa ndipo watu wengi wanaumia. Waya mwembamba unaokuja na antena za bei rahisi unakula karibu desibeli moja kwa kila mita kwenye mawimbi ya megahezi 1800, kwa hiyo mita 10 zinaweza kumeza karibu faida yote uliyoipata kwa kupanda juu. Usikubali pia fundi akufungie waya wa dishi la TV. Ule ni wa omu 75, antena za 4G zinataka omu 50, na vichwa vyake havikai vizuri hata ukivilazimisha.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote: nunua rauta ya nje, ile iliyotengenezwa kukaa juani na kwenye mvua, uifunge kwenye mlingoti. Kinachoshuka ndani ni waya wa mtandao wenye nyaya 8, unaobeba data na umeme kwa pamoja, na unakwenda hadi mita 100 bila kupunguza kasi ya data. Waya huo uwe wa shaba tupu. Dukani omba kipande, kikwangue kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na umeme utazimia njiani.

Ukifika juu, geuza kidogo kidogo. Geuza upana wa kiganja, subiri dakika nzima, soma SINR, andika, geuza tena. Watu hugeuza kwa haraka huku wakitazama vijiti, na wanaishia kuelekea mnara wenye nguvu lakini wenye kelele. Mimi niliacha −99 yenye SINR 4 nikachagua −103 yenye SINR 15, na kasi ilikuwa zaidi ya mara mbili.

Mlingoti wa chuma upate waya wa ethi hadi ardhini. Mvua zetu zinakuja kuanzia Desemba na radi zake ni kali. Wingu likianza kunguruma, chomoa waya kwenye rauta na kwenye kompyuta. Usisubiri kumaliza ukurasa.

Namba nzuri, lakini hakuna kinachofunguka

RSRP yako ni −92, SINR 16, na bado ukurasa unazunguka. Hapo nyumba yako haina kosa. Pima kasi saa 11 alfajiri, kisha saa 2 usiku, siku tatu mfululizo. Kama alfajiri unapata megabiti 18 na usiku unapata 0.6, mnara umejaa watu. Kwetu naiona wazi siku ya mnada, na naiona zaidi Desemba wakati wa mjini wanaporudi nyumbani na simu zao.

Kama ni mbaya saa zote, hata alfajiri, shaka ielekee kipande cha tatu. Minara mingi ya vijijini haijaunganishwa na mkongo moja kwa moja. Inapokezana data kwa sahani za maikrowevu, mnara hadi mnara, mpaka ule wenye mkongo. Sahani ikiyumbishwa na upepo au mvua kubwa ikipita katikati, mnara wako utaonyesha vijiti vyote na hautakuwa na cha kukupa. Muulize jirani mwenye laini ya kampuni ile ile. Mkilia wote, subirini au hamieni laini nyingine.

Tiba ya mnara uliojaa ni kuchagua masafa. 4G ya megahezi 700 au 800 inafika mbali na ndiyo simu nyingi za kijijini zinaikimbilia, kwa hiyo inajaa kwanza. Kama mnara wako unarusha pia 1800 au juu zaidi, na antena yako ya mlingotini inaweza kuyafikia, ilazimishe rauta ikae huko kupitia mpangilio wa masafa. Utaona RSRP imeshuka na kasi imepanda. Kwa simu ya Android, andika *#*#4636#*#* sehemu ya kupiga, ingia taarifa za simu, chagua LTE (yaani 4G) peke yake. Inazuia simu kurukaruka kati ya 3G na 4G. Si kila simu inafungua ukurasa huo.

Kuhusu vile visanduku vya kukuza mawimbi vinavyouzwa mitaani, sivipendekezi. Vinatumia masafa ya kampuni yenye leseni, vinahitaji idhini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kikirusha vibaya kinavuruga mtandao wa kijiji kizima.

Umeme ukikatika, mtandao nao unafuata

Tazama saa. Ukizimika papo hapo, ni rauta yako. Ukizimika baada ya saa moja au mbili, ni betri za mnara zimeisha na jenereta haijawaka. Hapo laini ya pili ya kampuni inayotumia mnara mwingine ndiyo itakayokuokoa.

Kwa upande wa nyumbani hesabu ni rahisi. Rauta nyingi zinakula wati zisizozidi 12. Betri ya jeli ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Itumie nusu tu ili isife mapema, unabaki na 42, yaani saa tatu na nusu. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 20 itakuvusha kutwa nzima. Usipitishe kwenye inveta, kwa sababu inveta yenyewe inakula umeme hata ikiwa haina mzigo. Rauta inataka volti 12 moja kwa moja, basi ipe. Kama betri inachajiwa na sola, weka kirekebisha volti katikati, maana mchana betri inaweza kupanda hadi volti 14.4.

Kuna dalili inayofanana na hii: rauta inajizima na kuwaka yenyewe bila umeme kukatika. Kagua adapta kwanza, hasa kama umeazima ya kifaa kingine. Kisha gusa rauta. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, chini ya bati saa nane mchana kuna joto ambalo hata mtu hakai, nayo haikai. Ishushe.

Kasi ni nzuri, lakini kikao kinaganda

Hii iliniumiza kuliko zote, kwa sababu kipimo cha kasi kilinionyesha megabiti 15 na bado wateja walisikia nusu ya maneno yangu.

Watu hupima kupakua, wanasahau kupakia. Sauti yako na picha yako zinapanda, hazishuki. Kikao cha watu wawili kwa picha nzuri ya kawaida kinataka kama megabiti 1.2 kwenda na kurudi. Sauti peke yake haifiki hata 0.1. Kwa hiyo mtu mwenye megabiti 0.5 za kupakia anaweza kuongea siku nzima kama atazima kamera.

Halafu kuna foleni. Simu ya mtoto ikianza kupeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, inajaza njia ya kupanda, rauta inapanga data yote kwenye foleni, na sauti yako inasubiri nyuma ya picha 200 za harusi. Dalili yake iko kwenye lile dirisha la ping 8.8.8.8: kawaida inasoma 60, ghafla inasoma 900, kisha inarudi. Zima kuhifadhi picha kiotomatiki mchana, au ingia kwenye rauta uwekee vifaa vingine kikomo cha kupakia. Nyumbani kwangu tumekubaliana kwamba picha zinapanda usiku tukilala, na mume wangu ndiye aliyeikumbusha familia nzima.

Kama ping ya rauta ndiyo inayoruka, vuta waya kutoka rauta hadi kompyuta. Kama waya haufiki, tumia waifai ya gigahezi 5 mkiwa chumba kimoja, na ya 2.4 kama kuna ukuta katikati.

Spidi inashuka ghafla katikati ya mwezi

Soma masharti ya bando. Vifurushi vingi vinavyoitwa havina kikomo vina kiwango cha matumizi, ukikivuka kasi inakatwa hadi tarehe ya kuanza upya. Weka muunganisho wako kama wa kulipia kwa kipimo (metered connection) kwenye Windows, ili masasisho yasijipakue yenyewe. Sasisha siku ukienda mjini.

Kila kitu kinafunguka isipokuwa mfumo wa ofisi

Kama unaingia ofisini kwa VPN, ile njia ya siri ya kufikia mfumo wa ofisi kupitia mtandao, na meseji ndogo zinapita lakini faili kubwa linakwama pale pale, ni ukubwa wa pakiti, yaani vile vipande ambavyo data hukatwa ili isafiri. Njia ya simu pamoja na VPN haibebi pakiti kamili ya 1500. Jaribu ping kwa seva ya ofisi ukiongeza -f -l 1472, kisha 1372. Ya kwanza ikikataa na ya pili ikipita, mwambie fundi wa mifumo wa ofisini apunguze MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, hadi 1400 au chini kidogo. Ni kazi ya dakika mbili, na mimi niliihangaikia miezi miwili.

Kuhusu VPN yenyewe: Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaoitumia kwa shughuli zao watoe taarifa kwake. Kama ofisi yako iko nje, hakikisha jambo hilo limeshughulikiwa kabla hujaanza kazi.

Kila laini, kila kijiji, kila kitu polepole

Piga simu mjini. Kama na huko wanalia, weka kalamu chini, ugonjwa uko baharini au kwenye mkongo mkuu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, na Tanzania nzima ilihisi. Siku hiyo hakuna rauta ya nje wala mlingoti uliosaidia. Waandikie wateja mapema kwa meseji ya kawaida, uwape namba ya simu.

Baada ya yote hayo, bado kuna vijiji ambavyo namba hazitoki kwenye −120 upande wowote. Huko tiba si yako peke yako. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unatoa ruzuku ya minara sehemu ambazo kampuni haziendi zenyewe. Mwaka 2023, hapa hapa Dodoma, ulisaini mikataba ya minara 758 ya mikoa mbalimbali nchini. Anza na serikali ya kijiji na diwani wako. Kwa satelaiti, tofautisha: zile za mbali, kilomita karibu 36,000 juu, zina ucheleweshaji wa zaidi ya nusu sekunde, hazifai kwa vikao. Za chini, kilomita mia tano na kitu, zinafaa. Kabla ya kuagiza sahani yoyote, uliza TCRA kama mtoa huduma ana leseni ya hapa nchini.

Na ukigundua mnara ndio mgonjwa, usipige huduma kwa wateja kusema "mtandao uko chini". Watakuambia uzime na kuwasha simu. Nami niliambiwa hivyo mara sita na kampuni moja, mpaka nilipoandika hivi:

"Mvumi, Chamwino. Tarehe 3 hadi 9, saa 1 hadi saa 4 usiku, kasi ya kupakua megabiti 0.6, kupakia 0.2. Mahali pale pale saa 11 alfajiri megabiti 18. RSRP −98, SINR 14, siku zote saba. Namba ya seli nimeambatanisha na picha za vipimo. Majirani wanne wenye laini yenu wanaona hivyo hivyo. Naomba namba ya taarifa, na fundi wa minara aangalie uwezo wa kiungo, si simu yangu."

Namba ya taarifa itunze, kwa sababu wasipojibu ndiyo utakayoipeleka TCRA, ofisi ya kanda iko Dodoma mjini. Mimi sikufika huko. Wiki ya tatu alinipigia fundi wao, akaniomba nipime tena saa 2 usiku yeye akiwa juu ya mnara. Nilimsomea namba moja moja kwa simu, naye akawa anazirudia kwa sauti huku upepo ukivuma kwenye simu yake, mpaka tukafika megabiti 11.